Kuchagua traka za gari za kazi hapa Mombasa kabla hujatoa pesa

Mie nasimamia gari 11 za ami yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi: kanta nne, pikapu tatu, tipa mbili, lori moja la safari za bara na tuktuk moja ya mizigo midogo ya mjini. Traka, yaani kile kifaa cha kukuonyesha gari yako iko wapi, tumenunua mara mbili. Mara ya kwanza tulinunua mbio mbio tukalipia mwaka mzima kitu ambacho kila tukikihitaji hakina jibu, mara ya pili nikakaa miezi miwili naulizia, najaribu, nawasumbua mafundi waya, na haya naandika hapa ndio njia niliofuata hiyo mara ya pili. Uwe na gari mbili au uwe nazo 40, njia ni ile ile, kinachobadilika ni ukubwa wa hasara ukikosea.

Anza na daftari, sio na muuzaji

Ukimwendea muuzaji ukamwambia wataka traka atakupa ile aliyonayo kwenye kabati, na hana kosa, wewe ndio hujamwambia wataka nini. Kwa hivyo kabla hujampigia mtu simu shika daftari uandike pesa zilizokupotea miezi mitatu ya nyuma kwa sababu ya gari. Mafuta yasiyoeleweka, safari za kando ambazo dereva amebeba mzigo wa mtu mwengine, mteja aliyekasirika sababu aliambiwa "gari iko njiani" mara nne, taya na breki zinazoisha kabla ya wakati, gari kuguswa na wezi. Andika na kadirio la pesa kila moja.

Sisi tulikuwa na hofu ya wizi. Mzee, yaani huyo ami yangu, alikuwa hapati usingizi, ati kanta itachukuliwa usiku. Lakini daftari lilisema mengine kabisa, hakuna gari yetu iliyowahi kuibiwa hata siku moja, ila kanta ya Kilifi ilikuwa yala mafuta ya kwenda Malindi. Yaani kilomita 60 na ushee zalipiwa kama 120. Sasa mtu mwenye tatizo la mafuta akinunua traka ya wizi, ile ndogo ya sumaku inayotuma lokesheni mara chache kwa siku, amenunua kitu kizuri kwa ugonjwa ambao hana. Na ndivyo tulivyofanya sisi mara ya kwanza.

Jua inavyofanya kazi, angalau kidogo

Watu wengi wadhani traka yaongea na setilaiti. Haiongei, yasikiliza tu. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,000, kifaa kwenye gari chasikiliza angalau nne kwa pamoja, chapiga hesabu ya pale kilipo, alafu chatuma hilo jibu kwenye seva, ile kompyuta ya mtoa huduma inayoweka rekodi, kupitia laini ya simu iliyo ndani yake, laini ya kawaida tu kama hii yako. Mbali na GPS ya Marekani kuna GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kifaa kinachosikiliza zaidi ya moja hushika haraka na hakipotezi sana njia gari ikiwa baina ya majumba ama baina ya safu za kontena.

Nimeeleza hivi sababu kuna mambo mawili tofauti yanayokatika na muuzaji huyachanganya. Gari ikiwa ndani ya godauni Shimanzi chini ya mabati, mtandao upo lakini mbingu haionekani, kwa hivyo lokesheni yaganda ama yaruka ruka. Gari ikiwa kwenye vipande vya Tsavo ambako mtandao ni hafifu, mbingu iko wazi kabisa lakini hakuna pa kupitisha ujumbe. Hii ya pili ndio wataka kuiuliza: kifaa kikikosa mtandao chahifadhi pointi ngapi, yaani alama za pale gari ilipopita, ndani yake, na mtandao ukirudi chazituma zote ama chazitupa? Kifaa kizuri chahifadhi maelfu na baadae wauona mstari wa safari umejaa. Kile chetu cha kwanza kilikuwa hakihifadhi, lori lilikuwa likipotea baada ya Voi lajitokeza mbele huko na kilomita za katikati hazipo, sasa wewe utapigia vipi hesabu ya mafuta na kilomita zimekatwa?

Na hapo hapo uliza chatumia mtandao wa simu wa 2G peke yake ama wa 4G. 2G ndio rahisi kwa bei na bado yafanya kazi hapa kwetu, lakini nchi nyingine zimeshaizima, Marekani kampuni ya AT&T ilizima yake mwaka 2017. Ukiwa wanunua vifaa vya kukaa miaka mitano, tafuta cha 4G ambacho kikikosa chashuka kwenye 2G chenyewe.

Aina ya kifaa kwa kila gari

Usinunue aina moja kwa gari zote, hapa ndio wengi hukosea sababu muuzaji akupa punguzo ukichukua sawa sawa.

Kile cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani ni rahisi, huhitaji fundi, lakini dereva nae akichomoa ni sekunde moja. Kwa gari unayoendesha mwenyewe ama ya meneja, sawa. Kile cha sumaku chenye betri yake ni cha trela na mashine zisizo na umeme, jenereta, mikokoteni ya kuvutwa, maana trela halina betri na likiachwa pahala wiki mbili hutajua. Betri hukaa muda mrefu kwa sababu kifaa hulala muda mwingi na kuamka mara chache, kwa hivyo usitarajie kuiona ikitembea kwenye ramani. Kwa gari za kazi za kila siku chukua cha kufungwa na waya, kiwe na waya ya moto, ya ardhi, na ya tatu ya swichi ya ufunguo. Hio ya tatu ni lazima. Bila yake kifaa hakijui kama injini imewaka ama imezimwa, kitakisia tu kwa mtikisiko, na ripoti ya injini kunguruma gari ikiwa imesimama itakuwa ya uongo.

Angalia volti. Pikapu ni 12, kanta nyingi na malori ni 24, na lori la 24 injini ikiwaka altaneta yapandisha mpaka 28 hivi. Kifaa cha 12 peke yake ukikifunga kwenye lori kitaungua, sio labda. Nunua kinachokubali zote mbili ili ukihamisha kifaa kutoka gari moja kwenda nyingine usiwe na wasiwasi.

Alafu maji na chumvi. Sisi si watu wa Nakuru, hewa yetu hapa yala chuma. Kifaa kilichoandikwa IP67 hakiingii vumbi na chaweza kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa, hicho ndio cha tuktuk na cha tipa, na cha gari yoyote inayobeba samaki ama mchanga. Cha IP54 chavumilia kurushiwa maji tu, kiweke ndani ya dashibodi pakavu. Lakini nakuambia kweli, mara nyingi kinachokufa sio kifaa, ni maungio ya waya. Fundi akisokota waya na kufunga selotepu nyeusi, baada ya miezi sita utakuta imekuwa kijani, na traka yazima na kuwaka yenyewe na wewe walaumu kampuni. Mwambie achomee kwa risasi na avishe mpira wa kubana kwa moto. Akikataa tafuta fundi mwengine.

Kivuko cha Likoni kitakufunza mengi

Hili sikuambiwa na muuzaji yeyote kwa hivyo nalieleza kwa urefu. Traka nyingi zina onyo la gari kuvutwa, yaani ikiona gari yasogea na injini imezimwa yakupigia kelele kwamba labda imebebwa. Sasa fikiria kanta iko ndani ya feri, dereva amezima injini kama inavyotakiwa, na feri yavuka. Kwa traka hio ni gari iliyoibiwa. Simu ya mzee ilikuwa yalia mara sita kwa siku, siku ya kwanza alikimbia mpaka nje na kanzu, wiki ya pili akazima maonyo yote kabisa. Na hapo ndio hatari, manake onyo la kweli likija hakuna anayelisikia.

Kwa hivyo muulize muuzaji, mbele yake akiwa na kompyuta, akuonyeshe kuchora uzio kwenye ramani kuzunguka kivuko chote pande mbili na maji ya katikati, na kusema ndani ya uzio huu onyo la kuvutwa lisilie. Mfumo mwengine haiwezi. Kama haiwezi na gari zako zavuka kwenda Ukunda ama Msambweni kila siku, achana nao hata kama ni rahisi.

Uzio huo huo ukishauchora tumia kwa kazi ya pili, kupima foleni. Sisi tuliweka mmoja upande wa mjini na mmoja upande wa Likoni, ripoti ikatupa dakika kila gari ilizokaa pale. Kabla ya hapo dereva akisema "foleni ilikuwa mbaya" ni neno lake na neno langu. Baada ya hapo tukaona kuna masaa ya asubuhi na jioni ambayo gari yakaa sana na injini yaunguruma muda wote, lori kubwa likinguruma limesimama laweza kuchoma lita mbili mpaka tatu kwa saa, na tukaona mizigo ya Diani inayotoka Miritini yafaa ipite barabara ya Dongo Kundu badala ya kushuka mjini kuja kupanga foleni. Uamuzi huo peke yake ulitusaidia kuliko onyo lolote la wizi, na madereva wenyewe walifurahi sababu hakuna anayependa kukaa juani pale.

Mafuta

Nataka lieleweke hili, traka tupu haipimi mafuta. Yapima kilomita, mwendo, na muda injini iliwaka. Akikuambia mtu kifaa chake chapima mafuta bila kugusa tanki, muulize chayapima kutoka wapi. Kuna gari mpya ambazo kompyuta ya gari yatoa kiwango cha mafuta na kifaa kizuri chaweza kusoma, kuna kuunga kwenye waya ya geji iliyopo ambayo hutoa makadirio ya juu juu, na kuna sensa ya fimbo, yaani kipimo cha mafuta kilicho kama fimbo kinachoingizwa ndani ya tanki kwa kutoboa tundu juu, hio ndio sahihi zaidi na ndio ghali.

Sensa ya fimbo lazima ipimishwe. Tanki latolewa mafuta yote, alafu yajazwa lita 20, yaandikwa, lita 20, yaandikwa, mpaka lijae, sababu matanki hayana umbo moja. Fundi akikuambia atapimisha kwa dakika kumi ofisini kwa kompyuta, usikubali. Na hata ikipimishwa vizuri, gari ikiegeshwa kwenye mteremko mafuta hulalia upande mmoja na ripoti itasema yamepungua, usimfokee dereva kwa hilo, subiri gari isimame pahala sawa uangalie tena. Kuna na wizi ambao fimbo haiuoni kwa urahisi, wa kuchota kwenye bomba la kurudisha dizeli tangini injini ikiwa inawaka, huo waonekana kama matumizi ya kawaida.

Kwa gari kumi sisi tuliona sensa za fimbo ni pesa nyingi tukaweka kwa lori la bara peke yake. Zilizobaki twatumia njia ya kizamani na kilomita za traka. Dereva aleta risiti ya petroli stesheni, mie nalinganisha na kilomita. Kanta ikitembea kilomita 420 kwa lita 84 ni kilomita 5 kwa lita. Wiki ijayo kilomita ni zile zile 420 na risiti zasema lita 105, imeshuka kuwa 4, hapo nauliza. Pengine taya hazina upepo, pengine mzigo ulikuwa mzito, pengine dizeli nyengine iliingia dramu ya mtu mwengine. Lakini nauliza nikiwa na namba mkononi, sio na tuhuma. Na angalia risiti ina saa, traka itakuambia kama saa hio gari ilikuwa kwenye stesheni hio kweli.

Kuzima gari kwa simu

Wauzaji hupenda sana kuonyesha hii, abonyeza simu na gari yazimika, na wewe washangaa. Yafanywa kwa rilei, swichi ndogo inayokata umeme wa kitu fulani. Swali ni inakata nini. Ikikata mafuta ama umeme wa injini gari ikiwa yatembea, usukani wa nguvu wakufa na breki zawa ngumu kama jiwe, na kama ni tipa yenye mchanga inateremka kutoka Mazeras kuja Miritini, umeua watu. Sisi tumefunga rilei kwenye stata. Injini ikiwa imewaka haiguswi, lakini ikizimwa haiwaki tena, na mwizi lazima azime pahala ama akwame. Ukitaka ile ya kukata mafuta hakikisha kifaa chakataa amri mpaka mwendo ushuke chini kabisa, na ujaribu hilo mwenyewe uwanjani, usiamini maneno.

Na kwa kanta nyengine za zamani zenye pampu ya dizeli ya kimekanika, kukata swichi ya ufunguo hakuzimi injini ikishawaka, dizeli yajiendea. Fundi asiyejua hili atakufungia rilei pahala ambapo haifanyi chochote. Nimeiona kwa macho yangu.

Nani ashika data, na laini ya nani

Mwaka wetu wa kwanza ulituumiza hapa kuliko kwengine. Kampuni ilitupa vifaa "bure" na mkataba wa miaka mitatu, laini zilikuwa za jina lao, neno la siri la kifaa tulikuwa hatulijui, na tulipotaka kuondoka tukaambiwa vifaa havifanyi kazi kwengine. Rekodi zote za safari zikabaki kwao.

Piga hesabu ya muda wote, sio ya siku ya kwanza. Tuseme kifaa ni shilingi 10,000 na ada ni 1,000 kwa mwezi, miaka mitatu ni 46,000 kwa gari. Tuseme mwengine akupa kifaa bure na ada ni 2,000, miaka mitatu ni 72,000. Ya bure imekuzidi 26,000, zidisha kwa gari 11 uone.

Mie nashauri ununue kifaa kiwe chako, na kiwe cha mtengenezaji anayejulikana, kama Teltonika ama Ruptela za Lithuania, Queclink ama Concox za China, sababu vifaa hivi lugha yake yajulikana na mifumo mingi yaikubali, ukichoka na mtoa huduma wabadilisha anwani ya seva ndani ya kifaa na wahamia kwengine bila kufungua dashibodi hata moja. Kuna programu ya bure ya seva yaitwa Traccar, iko wazi, yaelewa vifaa vya aina nyingi sana, na kama una kijana anayejua kompyuta vizuri aweza kukusimamishia yako mwenyewe. Kwa gari 11 sisi tuliona bora kulipa mtu, lakini nilimuuliza kila muuzaji "kifaa hiki chaweza kwenda Traccar?" na jibu lake lilinionyesha kama anifungia mlango ama la.

Laini isajiliwe kwa jina la biashara yako. Data inayotumika ni kidogo mno, gari inayotuma kila sekunde 30 kwa masaa kumi yatuma mara 1,200 kwa siku, na kila ujumbe ni herufi mia mbili tatu hivi, kwa mwezi haizidi MB 15. Kwa hivyo ukiuziwa bando kubwa la traka, wauziwa hewa. Hatari ni kusahau, laini ikiisha bando gari yapotea kwenye ramani na wadhani kifaa kimekufa, weka tarehe moja ya mwezi ya kuzijaza zote. Na badilisha neno la siri siku ya kwanza. Vifaa vingi vya bei ya chini hutoka kiwandani na 123456, na mtu akijua namba ya laini aweza kukitumia meseji na kukiamrisha.

Usichanganye na mambo ya serikali

Traka sio spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari kupita mwendo uliowekwa. Gari za abiria na za biashara zenye uzito mtupu wa zaidi ya kilo 3,048 zatakiwa na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, na hio ni habari yake mbali. Vile vile mzigo wa transiti unaotoka bandarini Kilindini kwenda Uganda ama mbele wafungwa sili ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru, kwenye kontena, hio yaangalia mzigo kwa niaba ya ushuru, haikuangalii lori lako. Bima, wapigie kabla ya kununua, uliza kama wataka traka na kama wana orodha ya wanaowakubali, manake ukifunga isiyokubalika utafunga tena.

Madereva waambiwe

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema mtu ajulishwe data yake ikikusanywa na kwa sababu gani, na pale dereva yupo ndani ya gari, lokesheni ya gari ni lokesheni yake. Lakini hata bila sheria, mie nawaomba sana wenye gari msifunge kwa siri. Sisi tuliwaita wote Jumapili moja, tukanunua mahamri na mbaazi, mzee akaongea nao mwenyewe akawaambia tunafunga nini, nani atakuwa aangalia, na kwamba dereva anayelala na pikapu kwake Kisauni hataulizwa alikwenda wapi usiku kama gari haikutoka. Mmoja wao, mtu mzima tumwitaye baba, alisema "basi na mie nikisingiziwa itanitetea?" Tukamjibu ndio.

Na ikamtetea. Mwezi wa tatu mtu alikuja dukani na jazba akidai kanta yetu imemgonga pikipiki yake Kongowea saa tano asubuhi akaondoka. Nikafungua rekodi mbele yake, saa tano kanta ilikuwa Mariakani yashusha simiti, ilifika saa nne na robo ikatoka saa sita. Yule mtu aliomba radhi akaenda. Tangu siku hio traka zetu hazichomolewi waya, na hilo hakuna kifaa cha bei gani kingeninunulia.

Jaribu kwa gari mbaya kuliko zote

Usifunge gari zote kwa pamoja. Chukua muuzaji mmoja ama wawili, fungeni kifaa kimoja kimoja kwa siku 30, na uchague gari inayokusumbua, ile yenye wiring ya viraka na safari ngumu. Ndani ya mwezi huo fanya haya: ipeleke godaunini uone yaganda vipi, ivushe Likoni, ipeleke mpaka pale mtandao ukatike na uhesabu kama pointi zimerudi, linganisha kilomita za kifaa na za dashibodi, na chomoa waya ya moto mwenyewe uone onyo lakufikia baada ya muda gani na betri ya ndani yashikilia mpaka lini. Iache imeegeshwa siku tatu uone kama betri ya gari yashuka, kifaa kibaya hakilali na asubuhi gari haiwaki. Alafu piga simu ya msaada saa nane usiku. Wezi hawafanyi kazi saa za ofisi, na kama hakuna anayepokea ujue usiku huo utakuwa peke yako.

Siku ya kufunga uwepo

Simama na fundi. Kifaa kilale na uso wake juu, chini ya plastiki sio chini ya chuma, na mbali na kioo chenye karatasi ya rangi ya chuma. Kila gari abadilishe pahala, isiwe zote nyuma ya redio, manake akijua mmoja wamejua wote. Piga picha waya zilipoungwa, andika namba ya gari pamoja na IMEI ya kifaa, ile namba yake ya utambulisho ya tarakimu 15, na namba ya laini, uweke pahala pamoja. Muombe fyuzi kwenye waya ya moto, karibu na betri, sio pahala pengine.

Baada ya hapo jipe nusu saa kila Jumamosi ya kusoma ripoti tatu tu, kilomita kwa lita, muda wa kunguruma gari imesimama, na gari zilizotoka nje ya masaa ya kazi. Mifumo hii ina ripoti hamsini na ukijaribu zote utachoka wiki ya pili uache kabisa.

Na siku ukiuza gari, toa kifaa kabla hujampa mnunuzi ufunguo, pamoja na rilei, urudishe waya ya stata ilivyokuwa. Sisi tuliuza pikapu moja tukasahau, yule bwana aliyeinunua akakwama Mtwapa usiku na familia yake sababu rilei ilikuwa imekufa na hakujua hata kama ipo. Nilimfuata na fundi saa tano za usiku kwenda kuitoa.